Kijumbe Afika Oxford

Magharibi ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, kuna kijiji kinaitwa Nyakatoke. Ni kijiji cha migomba na kahawa, na Watanzania wengi hawajapata kulisikia jina lake. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt na wadadisi wake walizihoji kaya zote 119 za kijiji hicho, wakarudi tena na tena ndani ya mwaka huohuo. Kila mtu mzima aliulizwa swali ambalo halihitaji elimu kulijibu: ukipungukiwa, unamwendea nani? Majina yaliyotajwa yakaunganishwa kwa mistari, nyumba hadi nyumba, na mchoro uliotoka ukakionyesha kijiji kizima jinsi kilivyofungamana kwa udugu, ujirani, dini na vyama vya kuzikana. Tangu hapo wachumi wa vyuo vikuu vya mabara kadhaa wameurudia mchoro huo, kila mmoja akitafuta jibu lake: nani husaidiwa akiugua, nani huachwa nje, na kwa nini.

Mtafiti anayesimuliwa hapa, mhadhiri wa uchumi kutoka Dar es Salaam, alilisikia jina la Nyakatoke asubuhi ya kwanza ya mkutano wake wa kwanza Ulaya. Ilikuwa miaka michache kabla ya janga la korona, mwezi Machi, katika Chuo cha St Catherine's, Oxford. Hapo ndipo Kituo cha Utafiti wa Chumi za Afrika cha chuo kikuu hicho, kinachojulikana kwa kifupi CSAE, kilikuwa kikikusanya wachumi karibu kila mwaka kuzungumza juu ya maendeleo ya Afrika. Mtoa mada, mwanafunzi wa uzamivu, aliutupia mchoro ukutani, nukta na mistari, akaanza kuueleza kwa kasi. Mtafiti alikuwa na ndugu wa ukoo katika wilaya kilipo kijiji hicho. Alizitazama nukta zile akijua kwamba kila moja ni nyumba yenye watu, jiko na shamba la migomba, na akafungua daftari lake. Kumbukumbu hizi zimetokana na daftari hilo.

Afrika Mashariki imo ndani kabisa ya taaluma ya uchumi ya leo. Busia, magharibi ya Kenya, ndiko Michael Kremer na Edward Miguel walikochunguza dawa za minyoo mashuleni, na makala yao ya mwaka 2004 imesomwa na kubishaniwa kila inakofundishwa taaluma ya maendeleo. Kremer alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kagera kwenyewe, kati ya 1991 na 1994, kaya 915 zilihojiwa ili kujua kinachotokea katika familia mtu mzima anapofariki, wakati UKIMWI ukiumaliza mkoa ule. Miaka kumi baadaye wadadisi walirudi kuwatafuta watu walewale, waliobaki kijijini na waliohama, wengine wakiwafuata hadi Uganda, na wakazipata zaidi ya asilimia 90 ya kaya. Kathleen Beegle, De Weerdt na Stefan Dercon walikuja kuonyesha mwaka 2011 kwamba matumizi ya waliohama yalikua zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu aliyekaa ofisini. Inafanywa na vijana wa Bukoba wanaopanda bodaboda, wanaouliza sokoni, wanaojua kumsalimia bibi kwanza kabla ya kumwuliza habari za mjukuu wake aliyehamia Mwanza.

Mtafiti aliwahi kuwa mmoja wa vijana wa namna hiyo alipokuwa akisoma shahada ya kwanza. Alibeba madodoso, alilala kwenye nyumba za wageni za wilayani, na alijifunza kwamba saa moja asubuhi si wakati wa kumwuliza mkulima mavuno yake. Kwa hiyo alikwenda Oxford akiwa na sababu mbili: kuwasilisha makala yake, na kuwaona kwa macho watu waliokuwa wakiyatumia majibu aliyokuwa akiyakusanya.

Njia yake ya kufika huko ilipitia Nairobi. Tangu mwaka 1988 kuna chombo kilichoanzishwa hapo kuwajenga wachumi wa Afrika ndani ya Afrika, kwa kifupi AERC, na wachumi wengi wa Kitanzania wanaosikika leo wamepita mikononi mwake. Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018, alikiongoza katika miaka ya 1990. Utaratibu wake ni wa kukuza watu. Mtafiti huleta pendekezo, likipita hupewa fedha kidogo, kisha hurudi na kazi ikiwa nusu, kisha hurudi tena na ripoti kamili. Warsha hufanyika mara mbili kwa mwaka, na wanaokaa mbele yako safari ya pili wanakumbuka ulichoahidi safari ya kwanza. Hakuna pa kujificha. Katika warsha yake ya kwanza profesa mmoja mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, hesabu zako ni safi. Sasa niambie hizo namba zimezaliwa wapi." Akaambiwa aende akaandike ukurasa mmoja kuhusu nani aliulizwa, nani alijibu, na nani hakuwepo nyumbani siku hiyo.

Ukurasa ule ulikuwa kazi ngumu kuliko sura nzima ya nadharia. Lakini ndio uliompa makala aliyokwenda nayo Oxford.

Makala ilihusu upatu katika soko la Buguruni. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa mchezo huu, ila utaratibu wake utajwe ili hoja ieleweke. Wanawake kumi wenye meza za nyanya, dagaa na vitenge wanakubaliana kutoa shilingi 5,000 kila siku. Kila siku mmoja wao anaondoka na 50,000. Baada ya siku kumi kila mtu ameshapokea, na mchezo unaanza upya. Anayepita kukusanya, anayeandika na anayepanga nani apokee lini ni kijumbe. Kenya wana vyama vyao vya namna hiyohiyo, na Afrika Magharibi nako vipo kwa majina mengine.

Wachumi wameuchunguza mchezo huu kwa makini. Mwaka 1993 Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury walichapisha makala iliyoeleza faida yake kwa hesabu: kama kila mmoja angejiwekea peke yake, wote wangesubiri mpaka mwisho ndipo wanunue wanachokitaka, lakini wakicheza, kila mmoja isipokuwa wa mwisho anakipata mapema zaidi. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walikwenda Kibera, Nairobi, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba wanawake wenye waume ndio wanaojiunga zaidi, kwa sababu fedha iliyo kwenye mchezo haiko nyumbani, na iliyo nyumbani ina watu wa kuiomba. Waligundua pia kwamba ushiriki unapanda kadiri mke anavyokuwa na sauti katika matumizi ya nyumba, kisha unashuka sauti hiyo ikishakuwa kubwa, kwani hapo hana tena haja ya kuificha fedha. Mary Kay Gugerty, baada ya kuchunguza vikundi vya magharibi ya Kenya, alieleza mwaka 2007 kwamba mchezo unampa mtu nidhamu ya kuweka ambayo peke yake haiwezi.

Katika maelezo hayo yote wanachama wanaonekana vizuri. Aliyekuwa akimsumbua mtafiti ni yule anayepita na daftari.

Kabla ya kusafiri aliwaomba wenzake wa Mlimani wamsikilize mara kadhaa. Muda wa kuzungumza ulikuwa dakika ishirini, na makala ilikuwa na kurasa arobaini. Mhadhiri mmoja mwandamizi alimwambia: "Dada, anza na jibu. Ukianza na historia ya upatu, watakuwa wamesinzia kabla hujafika sokoni." Ushauri huo ulimwokoa. Alikata mapitio ya maandiko, akakata majedwali mawili, akaweka swali na matokeo kwenye slaidi ya kwanza. Vyote alivyovikata akavipanga nyuma ya slaidi ya mwisho, vikingojea kuulizwa. Mojawapo ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la kijumbe, majina yakiwa yamefichwa: safu ya majina kushoto, tarehe juu, alama za vema kwa kalamu ya bluu, na hapa na pale alama ya duara kwa kalamu nyekundu.

Maandalizi mengine hayakuwa ya kitaaluma. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, uthibitisho wa malazi, tiketi. Viza yake ilitoka siku chache kabla ya safari. Mwenzake kutoka nchi nyingine ya Afrika, aliyekuwa amepangwa kikao kimoja naye, viza yake haikutoka kwa wakati. Ofisi iliyoshughulikia maombi yake ilimjibu mkutano ukiwa umeshapita.

Chuo cha St Catherine's hakifanani na picha za Oxford zilizo kwenye kalenda. Kilichorwa na msanifu wa Denmark, Arne Jacobsen, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa zege na vioo virefu, karibu na mto Cherwell. Ndani, vikao kadhaa vinaendelea kwa wakati mmoja, na mtu anachagua kwa kuangalia ratiba kama anavyochagua basi la kupanda. Chumba kimoja wanazungumzia mikopo, kingine elimu, kingine vita na bei za vyakula. Mtoa mada wa mwisho akishapigiwa makofi ya kumaliza, watu wanakimbilia chumba kingine wakiwa na vikombe mkononi. Hotuba kubwa za ukumbini zilikuwa nzuri, lakini katika daftari la mtafiti zimechukua nafasi ndogo. Zinapatikana baadaye kwenye mtandao. Kilichojaza kurasa ni maswali ya vyumba vidogo.

Kikao chake kilikuwa mchana. Mwenyekiti alitangaza kwamba mtoa mada wa pili hakuweza kusafiri, akagawa muda wake kwa waliobaki. Mtafiti alizungumza, akamaliza ndani ya muda, mikono ikanyooshwa. Aliyepewa nafasi ya kwanza alikuwa profesa mwenye nywele nyeupe aliyeketi karibu na mlango. Hakumsifu wala hakumpinga. Aliuliza hivi: anayepokea siku ya kwanza amepata mkopo usio na riba, na anayepokea siku ya mwisho amewakopesha wenzake bila faida. Kwa nini wa kwanza asitoroke, na kwa nini wa mwisho akubali kuwa wa mwisho?

Ni swali la haki, na kwenye maandiko lina majibu. Anderson, Baland na Karl Ove Moene walilishughulikia mwaka 2009 kwa takwimu za Kibera hizohizo, wakaonyesha kwamba tishio la kumtenga mtoro halitoshi peke yake, na kwamba vikundi hujilinda kwa kuwaweka watu wapya nafasi za mwisho. Mtafiti alilitaja jibu hilo. Kisha akasogeza slaidi mpaka kwenye picha ya daftari.

Akaeleza duara jekundu. Siku mwanachama asipotoa, kwa sababu mtoto ameugua au nyanya zimeoza, anayepangiwa kupokea bado anapokea 50,000 kamili. Pengo linazibwa na kijumbe kutoka mfukoni mwake, na duara ni deni ambalo mwanachama atamlipa kijumbe, polepole. Kwa hiyo anayepokea haathiriki na tatizo la mwenzake. Kwa kazi hiyo kijumbe hupewa posho ndogo na kila anayepokea, na katika vikundi alivyovichunguza mtafiti, kijumbe ndiye aliyekuwa akipokea wa kwanza, ili awe na mtaji wa kuzibia mapengo ya siku zinazofuata. Ndiye pia anayejua nani ana mgonjwa nyumbani, nani meza yake imefungwa siku mbili, nani amepata mchumba mwenye tamaa. Orodha ya nani apokee lini hutoka kwenye ujuzi huo.

"Kwa hiyo kijumbe ni benki," alisema profesa.

"Ni benki na ni bima," alijibu mtafiti, "na ofisi yake ni meza ya dagaa."

Mazungumzo hayakuishia hapo. Mwanamke mmoja kutoka Ghana alisema kwao wapo wakusanyaji wanaopita sokoni kila siku kuchukua akiba za watu kwa malipo, lakini hawazibi mapengo ya mtu mwingine. Mwingine aliuliza nini kinatokea kijumbe mwenyewe akifilisika. Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa, na mtafiti aliliandika na kulipigia mstari. Alikuwa na mfano mmoja tu wa kijumbe aliyefilisika, na mfano mmoja haujengi hoja, ingawa unatosha kuonyesha pa kuchimba.

Dakika hizo zilimfunza jambo ambalo amelishikilia tangu wakati ule. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuujua upatu tangu utotoni, akamwona mama yake akiucheza, na bado ujuzi huo usimsaidie kitu mbele ya wachumi kama hajaugeuza kuwa hoja. Picha ya daftari peke yake ingekuwa simulizi. Makala za Kibera peke yake zingekuwa kurudia ya wengine. Vilipokutana, chumba kizima kiliinama mbele. Na aliyewezesha vikutane ni muuliza swali, ambaye hajawahi kufika Buguruni lakini aliisoma makala mpaka akauona ufa.

Siku iliyofuata alihudhuria kikao kuhusu vipimo vya umaskini, na hapo alisikia kwa undani habari za jaribio lililofanyika kwao Tanzania mwaka 2007 na 2008. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walizigawa kaya kama 4,000 kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa matumizi yake ya chakula kwa namna tofauti. Wapo walioulizwa wakumbuke wiki moja, wapo walioulizwa wiki mbili. Wapo waliosomewa orodha ndefu ya vyakula, wapo waliosomewa fupi. Wapo waliopewa daftari la kuandika kila siku, la kaya nzima au la kila mtu. Makundi yalifanana, nchi ni ileile, msimu ni uleule. Lakini makadirio ya wanaokosa chakula cha kutosha yalitofautiana kutoka asilimia 19 hadi asilimia 68, kutegemea tu namna ya kuuliza.

Namba hizo mbili zinastahili kutafakariwa na kila anayeandika habari za umaskini. Waziri anaweza kuzitumia zote mbili akawa hajasema uongo. Kutoka mradi huohuo, makala nyingine ya mwaka 2011 ilichunguza takwimu za kazi. Dodoso fupi lilipunguza idadi ya wanawake walioonekana kuwa na kazi, kwa sababu mama anayeuza vitumbua asubuhi na kulima jioni hajihesabu kuwa ana kazi mpaka aulizwe moja moja. Mtafiti alimkumbuka profesa wa Nairobi na miwani yake mkononi.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa meza moja na mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akitumia takwimu za Utafiti wa Kaya wa Taifa wa Tanzania, ule ulioanza 2008/09 kwa kaya zaidi ya 3,200 na kuzifuatilia kaya zilezile miaka iliyofuata. Kijana huyo alizijua safu za takwimu hizo kwa kichwa. Alimwuliza mtafiti, kwa heshima kabisa, kwa nini katika baadhi ya vijiji mashamba mengi yana ukubwa wa ekari moja kamili, mbili kamili au tatu kamili. Mtafiti alimweleza jinsi mkulima anavyokisia kwa hatua au kwa siku za kulima, na jinsi mdadisi anavyoandika alichoambiwa pale ambapo shamba liko mbali na jua limekuwa kali. Alimweleza pia kwamba kwa baadhi ya mashamba watafiti walikwenda na vifaa vya kupima kwa setilaiti, na kwamba alinganishe vipimo hivyo viwili kabla ya kuendelea. Kijana alisahau chakula chake. Wamekuwa wakiandikiana mpaka leo, na mtafiti naye amejifunza kutoka kwake mbinu za kutenganisha chanzo na matokeo ambazo darasani kwake hazikuwepo.

Siku hiyohiyo alisikia mjadala kuhusu fedha za simu. M-Pesa ilianzishwa Kenya Machi 2007, na William Jack na Tavneet Suri walianza kuzifuatilia kaya za Wakenya mwaka uliofuata. Makala yao ya 2014 ilionyesha kwamba kaya isiyotumia huduma hiyo ikipatwa na janga, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7, wakati ya mtumiaji hayatikisiki, kwa kuwa ndugu wa mbali wanaweza kumtumia chochote siku hiyohiyo. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 kwenye umaskini uliokithiri. Emma Riley, akitumia takwimu za kaya za Tanzania, alionyesha mwaka 2018 kwamba mvua ikikosekana, kinga hiyo humfikia mtumiaji, na jirani yake asiyetumia huachwa palepale. Ni jambo la kusikitisha kwa anayeamini kwamba fedha ikifika kijijini inawafikia wote.

Lakini nafasi iliyobaki wazi kwenye kikao chake haikumtoka akilini. Mkutano ni wa chumi za Afrika, na Waafrika walikuwepo wengi, baadhi wakisoma au kufundisha Ulaya na Marekani. Waliotoka moja kwa moja kwenye vyuo vya Afrika ndio waliokuwa wachache. Mchumi wa Zambia, Grieve Chelwa, amelieleza tatizo hili kwa upana katika makala yake ya mwaka 2021 kuhusu majarida makubwa ya uchumi, ambamo wataalamu walioko Afrika wanaandika kwa nadra hata juu ya Afrika. Nauli, viza, mzigo wa kufundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi, maktaba zisizolipia majarida: kila kimoja kinapunguza mtu mmoja hapa, mwingine pale. Hasara ni ya mwenzake aliyekosa safari, na ni ya mkutano pia. Makala yake ilihusu maduka ya mpakani, na hakuna mtu mwingine mle ndani aliyekuwa na takwimu hizo. 

Aliporudi Dar es Salaam, mtafiti aliiandika makala upya. Kijumbe aliingia kwenye kichwa cha habari. Sehemu ya takwimu ilianza na maelezo ya nani aliulizwa, wapi, na saa ngapi. Katika semina ya idara alipendekeza kwamba mwanafunzi wa uzamili awasilishe kwanza jinsi alivyokusanya namba zake, kabla ya kuonyesha jedwali lolote. Wenzake walikubali, na mwanzoni wanafunzi walinung'unika. Sasa vikao hivyo ndivyo vinavyojaza chumba, kwa kuwa kila mtu ana la kusema kuhusu namna ya kumwuliza mvuvi kipato chake.

Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa. Watu walilalamika kwa sauti kubwa, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mtafiti alirudi kwenye maelezo yake kuhusu Jack na Suri. Kama kinga ya kaya inategemea ndugu kutuma fedha ndogondogo mara nyingi, basi tozo inaigusa kinga yenyewe, na wa kwanza kuacha kutuma ni yule mwenye kidogo. Aliandika hoja hiyo kwa kurasa chache akaipeleka kwa watunga sera, ikiwa na namba na jinsi zilivyopatikana. Anaamini kwa dhati kwamba kazi ya mchumi wa nchi hii ndiyo hiyo, na kwamba mikutano ya nje ina maana pale inapomrudisha mtu kwenye kazi hiyo akiwa na silaha kali zaidi.

Upatu wenyewe nao unabadilika. Pale Buguruni vikundi kadhaa vimeacha kukusanya kwa mkono. Wanachama wanamtumia kijumbe kwa simu, na wengine wanacheza wakiwa Mbagala au Kibaha. Kijumbe hapiti tena mezani asubuhi, kwa hiyo haoni meza iliyofungwa. Mtafiti ameshaandika pendekezo jipya: je, kijumbe asiyewaona wanachama wake ataendelea kuwazibia mapengo, au atawachagua upya? Tatizo la kwanza ni la takwimu. Rekodi ya simu inaonyesha 50,000 imefika kwa mpokeaji, na haionyeshi kwamba 5,000 kati ya hizo zimetoka mfukoni mwa kijumbe. Daftari linaonyesha. Anahitaji vyote viwili, kwa vikundi vilevile na kwa miezi ileile, na tayari ameanza kuzunguka sokoni kuomba ridhaa, kikundi kimoja baada ya kingine.